Ressort mupya, bride ya zamani: vile pick-up yetu ilichelewesha jicho ya Yaya

Jambo yenu bakubwa ya humu ndani. Na benye munasomaka tu bila kuandika, jambo yenu pia, najua muko.

Miye bananiitaka Nkambo Godé, ya Ruashi, hapa Lubumbashi. Bajukulu njo balinifungulia hii fasi ya kuandikia ku telefone, juu balichoka kunisikiliza. Balisema: "Nkambo, kule kuna bantu mingi ya pick-up, uende ubasimulie beye."

Basi niko.

Masomo yangu ilikomea ku kuandika jina na kuhesabu nyanya ku soko. Naandika vile minasema. Mwenye kutaka kucheka acheke, hata miye najichekaka.

Lakini hii abari ni ya kweli. Kama kuna bongo ndani, uongo hata moja, Mungu anifunge kinywa. Benye bananijua banajua: miye unifunge miguu, unifunge mikono, lakini kinywa, hapana, utaniua.

Haiko abari ya furaha. Naanza na kicheko juu njo vile nilizaliwa. Mutaona fasi kicheko inabakia njiani.

Nyumbani tuko na pick-up moja. Ya Japani. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa iko rangi ya barabara.

Bwana yangu, marehemu Ilunga, njo aliinunua. Ilunga alikuwa muntu ya shemini ya feri, ile reli ya treni, mu atelier, fasi banachomea na kukunja chuma. Baba yake pia shemini ya feri. Ukoo muzima banasikia treni inapita, banasimamisha kijiko.

Alivyopata pensheni, alianza kubeba simenti na mabati. Huku Ruashi kila muntu anajenga. Hata mwenye hana kiwanja anafyatua matofali.

Sasa nyuma ya pick-up ikakuwa inalala. Ukipakia, tumbo yake inakwaruza bulongo. Na njia zetu wakati ya mvula, eh, kuku ikiingia mu shimo inatoka samaki.

Njo Ilunga akatengeneza cales.

Kwa mwenye hajue, niwaelezee vile balinielezea. Ressort ya nyuma, springi, ni zile lames za chuma, moja yulu ya ingine, sawa sahani mu kabati. Njo zinabeba muzigo. Chini yake kuna pont, ile chuma kubwa yenye inashika mapindi, magurudumu mbili ya nyuma. Cale ni kipande ya chuma unatia katikati ya pont na ressort, motoka inapanda yulu.

Basi, ni ile tu. Muntu mufupi kavaa viatu ya talon ndefu.

Na juu bile bintu bishikamane, kuna bride. Ni chuma imekunjwa sawa U, inakumbatia ressort, cale na pont, yote pamoja, kisha unakaza ecrou, zile nati, ku miguu yake. Ukitia cale, bride lazima ikuwe ndefu, juu inakumbatia bintu minene.

Ilunga alikata cales mu kipande ya reli. Brides alizikunja yeye mwenyewe mu moto. Ndefu, nyeusi, nzito. Bantu balikuwa banakuya kuziangalia, naye anainama chini ya motoka yake anazionyesha na kidole sawa muntu anaonyesha mutoto yenye kupata komunyo.

Sasa mukamate hii: kwetu, chuma yenye muzee alifanya na mikono yake haitupwe. Na haibakie bure.

Siku ya kumaliza kilio yake, bakubwa ya famille bakagawa bintu. Nyundo ilienda kwa Banza, mutoto yangu ya kiume, yeye njo chauffeur ya pick-up leo. Kila muntu akapata kipande. Na balisema maneno ile ile yenye balisemaka ku kilio ya baba yake: "Chuma ya marehemu itumike. Ikilala, naye analala mara ya pili."

Muzuri, hapana? Miye nilililia ile maneno. Leo nikiisikia nageuza kichwa.

Sasa Yaya.

Yaya Kalista ni mukubwa yangu, tumbo moja. Alikuwa anaikala Kambove, tangu bwana yake anafanya kazi mu mine ya kuchimba shaba. Bwana akafa, batoto bakaenda, yeye akabakia na kiti yake pa mulango na crochet yake.

Ile crochet! Vitambaa ya Yaya biko yulu ya télé yangu, yulu ya meza ya padri, hata yulu ya frigo yenye ilikufa zamani. Alisema: "Frigo imekufa, lakini ivae."

Jicho yake moja ilienda pole pole, bila kuaga. Ya pili njo alikuwa anafanyia yote.

Kuna docteur ya macho anapitaka huku Lubumbashi mara moja moja, ku dispensaire ya masera, bale masista ya kanisa. Tulimupeleka Yaya kwake. Docteur anaangalia, asema ndani ya jicho kuna presha. Asema: "Mama, ile yenye imepotea hairudie. Lakini hii yenye inabakia, tunaweza kuilinda. Nikipita tena nitakupasua. Musikose. Na nyuma ya opération, kichwa isitikisike, munasikia? Isitikisike."

Tulisikia.

Lakini bakubwa, ile safari ya kwanza, na ile cales... Pick-up ikiwa na simenti, inatembea muzuri. Ikiwa bure, inaruka sawa mbuzi yenye kulamba pilipili. Banza akitia vitesse, gia ya kwanza, pont inajisokota kule chini, nyuma inapiga: kuo!

Yaya alishuka amekamata kichwa na mikono mbili.

"Godé, hii motoka yenu inatembea sawa muke kavaa talon ya muke mwenzake."

"Yaya, ni njia."

"Haiko njia. Njia ilikuwa imelala pale pale. Siye njo tulikuwa tunaruka. Mara ingine munibebe mu brouette ya kubebea muchanga."

Banza alicheka mpaka akaegemea mulango. Lakini alisikia. Mangaribi anakuya, asema: "Mama, ku opération ya Mama Mukubwa hatutaenda na cales. Tutazitosha, tutazitoa chini kabisa. Tutatia ressort ya kupandisha."

Kumbe kuna ressort zenye zinazaliwa na kimo yake! Lames zimekunjwa zaidi, zinapandisha motoka zenyewe, hazilombe cale. Kubeba na kupandisha, kazi yote iko mu chuma moja. Na pont haijisokote tena sana.

Tulizipata ku muchuuzi mumoja ya Kivu, mukristu muzuri, yenye anauzaka bipande ya motoka. Alituwekea na brides mupya mu plastiki. Fupi, safi, zinangaa sawa kijiko ya harusi.

Kazi tulimupatia Maître Pitchou, mukanika ya huku kwetu.

Na hapa mungojee kidogo. Mukanika mwengine angesema hapana. Lakini Pitchou naye baba yake alikuwa shemini ya feri. Alikomalia mu camp ile ile ya shemini ya feri, alikulia maneno ile ile.

Ile siku ilikuwa sawa sikukuu. Miye nimeleta kiti, nimeleta chai, niko naongoza kazi yenye sijue. Pitchou anafungua, cales zinaanguka: ndu! ndu! Nikabeba moja mu mikono. Nzito sawa mutoto yenye kunyonya vizuri.

Pitchou anainua ressort mupya, anaikalisha yulu ya pont. Inakaa muzuri. Anakata ile plastiki, anatosha brides mupya.

Banza asema: "Ya nini ile?"

"Ya kufungia."

"Na ya Papa?"

Pitchou anaangalia chini, fasi brides ya Ilunga zimelala mu mafuta. "Zile ni ndefu, Banza."

"Ndefu njo nguvu. Ebu ona hii chuma, kisha uone yako. Yako unaweza kufungia sigara."

"Nasema tu ni ndefu."

"Pitchou. Cales tumetosha, sawa. Brides pia tutoshe? Papa atabakia na nini chini ya hii motoka?"

Pitchou akatua brides mupya chini. Kisha akaniangalia miye.

Na miye, bakubwa, na kikombe yangu ya chai, nikasema: "Chuma ya marehemu itumike."

Akazipanguza na kitambaa, vizuri, sawa anapanguza uso ya muntu. Akazitia. Akaona ecrou inafika mwisho mapema, akatia rondelle, kapete ka chuma, akatia na ingine. Akakaza. Ufunguo ya kukazia ikalia kiii!

"Imekaza," Pitchou asema.

Banza naye anakamata ufunguo, anasukuma na mguu. "Imekaza kabisa!"

Hata miye bakanipatia. Nikaning'inia pale na mwili yangu yote, na nina mwili, batoto bananipigia mikono. Haikugeuka hata kadogo. Imekaza!

Brides mupya, Banza akazirudisha mu plastiki, akazisukuma chini ya kiti ya mbele, upande yangu, fasi nawekaka miguu.

Tukaenda kujaribu. Kutoka Ruashi mpaka daraja ya Naviundu nilikuwa na kikombe mu mukono. Haikumwangika. Nilimusalimia kila muntu pa dirisha sawa muke ya gavana.

Nikamuita Yaya ku telefone pale pale.

"Yaya! Motoka imekuwa kitanda!"

"Kitanda ya nani?"

"Kitanda kabisa! Na matelas, godoro kabisa! Usipande tena kintu ingine, hata siku moja. Utalala mpaka Lubumbashi!"

Alicheka, yeye pia ni mucheshi. "Basi nitakungoja. Utanipata pa kiti, nimevaa."

Mushike ile maneno yenye nilimwambia. Miye ninaishika mpaka leo.

Docteur akarudia. Masera bakatupatia rendez-vous: siku ya Alhamisi asubuyi, njo siku yake ya mwisho, kisha anapanda ndege. Tukapanga: Jumatano tunamukamata Yaya Kambove, analala kwangu, asubuyi tuko pa mulango ya docteur.

Jumatano tukatoka. Goudron, ile lami, iko muzuri, tunaimba, tunafika Likasi, tunakunywa fanta. Miye niko naongea. Banza asema: "Mama, hata ressort inachoka kukusikiliza."

Nyuma ya Likasi, njia ya Kambove ikaanza kubomoka. Mashimo, na malori ya mine zimelima pale sawa shamba ya muhogo.

Nikasikia: tok.

Kidogo tu. Nikasema: "Banza, umesikia?" Asema: "Ni jiwe."

Kisha pick-up ikaanza kutembea upande. Unajua vile imbwa inakimbiaka, kichwa huku, matako kule? Vile vile. Banza anageuza volant huku, nyuma inaenda kule. Kisha: PAA! Pindi ya nyuma inasaga ku carrosserie, Banza anakanyaga frein ya kusimamishia motoka, frein inaenda mpaka chini sawa muguu mu matope. Tukaingia mu mufereji pole pole. Tukasimama tumeinama.

Hatukuumia. Mungu asifiwe, ile nayo nisisahau.

Banza akaingia chini. Akakawia. Akatoka, akaingia tena.

"Banza?"

"Mama, ecrou imekaza."

"Basi?"

"Imekaza, Mama. Siwezi hata kuigeuza."

"Sasa shida iko wapi?"

"Ressort njo inacheza."

Sikuelewa. Akanikamata mukono, nikapiga magoti na pagne yangu, kitenge ya safari, mu matope, akapeleka kidole yangu mpaka pale. Katikati ya ressort na chuma yenye ilipashwa kuifinya.

Ukucha yangu iliingia.

Bakubwa, muelewe muzuri. Brides ya Ilunga ilipimwa na cale ndani. Meno yake ya ecrou iko kule chini tu, fasi Ilunga aliyakata. Cale ikitoka, ecrou inatakiwa kupanda zaidi, na kule yulu hakuna meno. Inafika mwisho, inakwama, inakukazia mukono yako. Unasema imekaza. Ni kweli imekaza, lakini imekaza ku bride yenyewe. Ressort iko pale wazi, inashikwa na kamusumari kamoja ka katikati tu, kenye kanafunga lames na kuzikalisha pa pont. Kale kamusumari njo kalisema tok.

Pont ikarudi nyuma, ikakata mupira ya mafuta ya frein.

Banza akaikala mu majani pembeni ya njia. Muntu mukubwa, mwenye batoto. Asema: "Papa hakukosa, Mama. Papa alipima vizuri. Siye tulitosha cale, tukabakisha kipimo yake."

Nikamuita Yaya.

"Muko wapi?"

"Tumepita Likasi, Yaya. Motoka imeharibika kidogo."

"Basi muko karibu. Nimevaa. Nimetia na ile kitambaa ya kichwa ya Pasaka."

Nikamwambia: "Yaya, unisikilize. Kijirani yako na moto yake, ile pikipiki, akulete Likasi, pale tutatafuta motoka ingine."

"Moto? Godé, ulisahau kiuno yangu ilivunjikia wapi?"

"Pole pole tu, Yaya. Utamushika."

"Hapana. Si ulisema nisipande kintu ingine hata siku moja? Nangoja kitanda yangu." Na alikuwa anacheka.

Nikalomba, nikafoka, nikalia. Kadiri naongea, njo yeye anazidi kucheka, anafikiri ni mambo yangu ya kila siku. Niliongea mpaka telefone ikakufa mu mukono.

Malori ya mine zinapita, hazibebe muntu. Mvula ikaanguka.

Banza akatembea kurudi Likasi kutafuta bipande, miye nikabakia kulinda motoka. Ile mupira ya frein aliipata mangaribi ile ile, alikuya kunielezea nyuma. Lakini brides, magasin ilikuwa imefunga. Akalala pa mulango ya magasin, angojee asubuyi.

Asubuyi bakafungua, hakuna ya kipimo yetu.

Akarudia na cric ya kuinulia motoka, ya kulomba, mupira ya frein, kamusumari mupya, na brides ya motoka ingine yenye haikuingia hata kwa dawa. Akaziacha zikaanguka chini. Asema: "Mama, chuma mbili tu. Chuma mbili fupi."

Miye niko mu cabine, baridi, rosario mu mukono, miguu yulu ya kintu.

Nikainamisha kichwa.

Banza naye akaangalia fasi naangalia.

Plastiki ya muchuuzi ya Kivu. Iko pale, safi, inangaa. Usiku yote, mvula yote, nilikuwa namulomba Bikira Maria alinde jicho ya Yaya, na miguu yangu iko yulu yake, nakanyaga.

Banza akazitosha mu plastiki, akainua motoka na cric.

Zile brides fupi ziliingia sawa pete mu kidole. Banza akakaza, na safari hii nikaona lames zinafinyana, zinatoa maji ya mvula katikati. Njo vile inakazaka. Macho yangu iliona, nami sitasahau.

Kambove tulimukuta pa kiti. Na pagne ile, na kitambaa ya Pasaka. Bajirani balisema alikatala kuingia ndani, alilala pale pale, asema Godé akikuya asingojee mulango.

Alivyosikia injini, akasimama. "Kumbe kitanda yenu inatembea na magoti!"

Na munajua nini inaniumiza? Pick-up ilikuwa muzuri. Ile mashimo yote, haikuruka. Yaya alilala kweli, kichwa yulu ya bega yangu, haikutikisika. Kila kintu yenye nilimuahidi ilikuwa kweli. Ilichelewa tu.

Tukafika ku dispensaire, sera mumoja anapanguza kiti ya docteur na kitambaa. Ile kiti ilikuwa bado na maji.

"Amekwenda kupanda ndege."

"Atarudia lini, ma sœur?"

"Atarudia."

Yaya akabakia kwangu, tunangoja. Tulizunguka fasi zingine. Huku machine imekufa, kule docteur hayuko. Kila asubuyi Yaya anakaa pa dirisha na crochet. Kwanza alilomba uzi ya rangi ya kuwaka. Kisha alilomba nimuhesabie fundo. Kisha nikamuona anafanya na vidole tu, kichwa imeelekea ukuta, na sikumuuliza kintu, naye hakuniambia kintu. Siku zile njo nilijua hata Yaya anaweza kunyamaza.

Docteur alirudia.

Akamukalisha mu ile kiti. Akazima taa ya chumba, akakamata katochi kake, akakaribia, akaangalia ndani ya jicho. Aliangalia murefu. Katochi kanawaka pale, karibu kaguse kope.

Yaya asema, na heshima yote: "Docteur, ukiwasha utaniambia?"

Docteur akazima.

Tukarudia nyumbani na pick-up. Banza anaendesha, Yaya katikati, miye ku dirisha. Hakulia. Alipiga-piga dashboard na mukono yake.

"Godé, hii motoka si mulisema iko murefu?"

"Iko murefu, Yaya."

"Basi inaona mbali. Uniambie."

Nikaanza. Nikamwambia kuna mama anauza bitumbula, mandazi ya mafuta, sahani yake ya bluu. Kuna kijana amebeba matelas yulu ya kinga, baiskeli yake, upepo inataka kumubeba yeye na matelas. Kule mbali kuna ile cheminée ndefu ya kiwanda, inasimama vile ilisimamaka, na mulima nyeusi ya mabaki yake pembeni.

"Moshi?"

"Leo hakuna moshi."

"Endelea."

Nikaendelea. Imbwa, mabati, batoto ya masomo na soksi zimeshuka. Tukafika pa kugeuzia ya Ruashi. Na pale, bakubwa, miye Godé, nilifungua kinywa na hakuna kintu ilitoka. Naona bintu vyote, biko pale mbele yangu, na neno hata moja hainikuye.

Motoka inatembea muzuri, haitikisike.

Yaya asema: "Godé? Tumeingia mu giza?"

Banza njo alimujibu: "Hapana, Mama Mukubwa. Bado muchana."

Sasa niseme yenye tulijifunza, juu hapa munalombaka masomo.

Ukitosha cale ili utie ressort ya kupandisha, utoshe na brides yake. Usibakishe. Hata kama alizikunja baba yako, hata kama alizikunja malaika. Nyuma ya kukaza, angalia kama meno yanabakia yulu ya ecrou. Kama ecrou imegusa fasi haina meno, haikukaza, inakudanganya. Utie ukucha katikati. Ukucha ikiingia, usitoke pa kiwanja.

Pitchou alikuya kulia kwangu. Nilimupatia chai. Nitamufanya nini? Ufunguo tulikamata sote.

Na brides ya Ilunga? Hatukuzitupa, njo vile tuko. Banza alitoboa ukuta, kutoka kitanda ya Yaya mpaka pa mulango, akazipitisha mu matofali, ecrou upande ya inje. Yaya anazishika akitembea, moja, kisha ingine. Asema: "Ilunga alikunja vizuri." Nilienda kutia ukucha kule nyuma. Pale imekaza kweli.

Kitu moja nawalomba.

Kila asubuyi Yaya analomba kupanda mu pick-up, hata kama haiende. Anakaa mbele, anasema: "Uniambie." Na miye Ruashi nimemaliza. Nimemwambia kila mulango, kila kuku. Nimeanza kurudilia, na anajua.

Basi musiniandikie pole, pole imejaa nyumbani. Mwenye kuwa na motoka murefu, huko njia yako, Kolwezi, Bukavu, Dar, Mombasa, popote, uniandikie hapa chini yenye unaona pa dirisha yako leo. Hata kama ni kadogo. Hata imbwa tu.

Kusoma nasomaka pole pole, na kidole. Lakini nitamusomea.